Mpeleka Barua wa Chicago: Miaka Hamsini ya John Prine

Wengi wetu tuliokulia Kenya tulimsikia John Prine, mtunzi na mwimbaji wa Marekani, kabla ya kujua kwamba kuna mtu anayeitwa hivyo. Mwaka 1983 Don Williams, ambaye nyimbo zake zilipigwa sana redioni kwetu, kwenye mabasi ya masafa marefu na hata kwenye sherehe za harusi, aliutoa wimbo "Love Is on a Roll", nao ukafika nambari moja katika chati ya kantri ya Marekani. Mjomba wangu alikuwa na kanda nyingi za Don Williams na alizitunza kuliko nguo zake, lakini majina ya watunzi yalichapwa ndani ya karatasi ya kanda kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyejishughulisha kuzisoma. Wimbo ule ulitungwa na Prine akishirikiana na Mwingereza Roger Cook. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi: nyimbo zilitangulia, zikaingia majumbani mwa watu kwa sauti za waimbaji wengine, na mwenyewe akaja nyuma yake bila haraka.

Nimemsikiliza kwa miaka mingi sasa, na kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kutokuwa na haraka ndiko kulikomjenga. Kuna watunzi waliokuwa na sauti nzuri kuliko yake, na wapo waliopiga gitaa kwa ustadi zaidi, lakini ni wachache mno walioweza kufanya kazi hii kwa miaka hamsini wakabaki wanazimiliki nyimbo zao na kuiendesha shughuli yao wenyewe.

Prine alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 huko Maywood, kitongoji cha wafanyakazi nje kidogo ya jiji la Chicago. Baba yake, William, alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa vya mitambo katika kiwanda cha makopo, na alikuwa mmoja wa maelfu ya watu walioyaacha mashamba na machimbo ya Kentucky kwenda kutafuta ajira kaskazini. Wazazi wote wawili walitoka wilaya ya Muhlenberg, magharibi mwa Kentucky, na kila likizo familia ilirudi kwao kusalimia ndugu katika kijiji kidogo kilichoitwa Paradise. Kijiji hicho hakipo tena. Makaa ya mawe yaliyokuwa chini ya ardhi ile yalichimbwa kwa mashine kubwa zilizovua udongo juu kwa juu, kituo cha umeme kikajengwa jirani, na katika miaka ya 1960 nyumba za mwisho zikanunuliwa na kubomolewa. Prine akamtungia baba yake wimbo kuhusu mahali hapo, akaiita kampuni ya makaa kwa jina lake bila kupepesa.

Kisa cha wimbo huo ninakipenda kuliko vyote vinavyosimuliwa juu yake. Kabla ya albamu yake ya kwanza kutoka, alikwenda nyumbani na utepe wa rekodi, akaazima mashine ya kuuchezea ili wazazi wausikilize. Ulipofika wimbo wa Paradise, baba yake aliinuka, akaenda kuketi gizani katika chumba cha pili. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba alitaka kujifanya kana kwamba wimbo unatoka kwenye ile mashine ya muziki ya baa, ya kutumbukiza sarafu. Mzee huyo alifariki mwaka 1971 kabla albamu haijaingia madukani.

Gitaa alifundishwa na kaka yake mkubwa, Dave, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, kisha akahudhuria masomo katika Old Town School of Folk Music, shule ya muziki wa kiasili iliyoko Chicago. Mwaka 1966 aliitwa jeshini. Vijana wengi wa rika lake walipelekwa Vietnam, lakini yeye bahati ilimwangukia upande mwingine, akapelekwa Ujerumani kutengeneza magari ya jeshi. Aliporudi aliendelea na kazi ambayo alikuwa ameianza kabla ya kuondoka, yaani kupeleka barua.

Nikisema alikuwa mpeleka barua, msomaji wa huku anaweza asiipate picha sawasawa, kwa sababu sisi barua zetu tulizifuata wenyewe kwenye sanduku la posta mjini, au tuliletewa na mwalimu mkuu aliyezichukua kwa niaba ya kijiji kizima. Kule, mtu wa posta hupita nyumba kwa nyumba kila siku ya kazi, kwa njia ileile, iwe mvua au theluji. Miguu ikishaizoea njia, kichwa hubaki huru, na Prine alisema mara nyingi kwamba nyimbo zake za mwanzo alizitunga akitembea. Upepo wa Chicago ulipozidi, alijificha ndani ya kasha kubwa la chuma ambamo mifuko ya barua ilihifadhiwa njiani, akala mkate wake humo na kuendelea kutunga.

Kazi hiyo ilimpa pia mambo ya kutungia. Jarida la Reader's Digest lilipowatumia wasomaji wake vibandiko vya bendera ya Marekani, wakati taifa limegawanyika kuhusu vita vya Vietnam, ni yeye aliyevigawa mlangoni, na punde akaviona vimebandikwa kila mahali katika njia yake. Akatunga wimbo wa dhihaka unaowaambia wananchi wenzake kwamba bendera ya kubandika kwenye gari haitamwingiza mtu mbinguni. Ni wimbo wa kuchekesha, lakini kicheko chake kina makali, na aliyeutunga alikuwa akilipwa mshahara na serikali hiyohiyo.

Usiku mmoja alikwenda katika klabu ndogo ya Chicago iliyoitwa Fifth Peg, ambako siku hiyo mtu yeyote mwenye gitaa aliruhusiwa kupanda jukwaani. Bia zilipomkolea akaanza kunung'unika kwamba wanaoimba hawajui kitu, hadi mtu mmoja akamwambia apande yeye basi. Akapanda na nyimbo tatu: "Sam Stone", "Hello in There" na ule wa Paradise. Alipomaliza wa kwanza, watu hawakupiga makofi. Walibaki wakimtazama, naye akadhani ameharibu. Kisha makofi yakaanza, na kabla ya kuondoka alikuwa amepewa kazi ya kuimba pale kila wiki.

Ukizisikiliza nyimbo hizo tatu leo utaelewa kwa nini walikaa kimya. "Sam Stone" ni habari ya askari aliyerudi kutoka vitani na nishani kifuani na dawa za kulevya mishipani, na kiitikio chake kinatazama mambo kwa jicho la mtoto anayeona pesa za nyumbani zikiishia kwenye mkono wa baba. Hakuna hotuba ndani yake wala mahali ambapo mtunzi anatuambia tuhuzunike. Johnny Cash alipourekodi baadaye aliubadilisha mstari mmoja unaomtaja Yesu, kwa kuwa aliuona mkali mno kwake, na ninamwelewa, ingawa ule wa Prine ndio unaouma inavyostahili.

"Hello in There" kwangu ndio bora zaidi. Ni mzee anayezungumza, na anayoyasema ni ya kawaida kabisa: watoto wameondoka, mmoja aliuawa katika vita vya Korea na mzee bado hajui alikufa kwa ajili ya nini, mkewe Loretta hukaa akitazama nje kupitia mlango wa nyuma. Anafikiria kumpigia simu Rudy, waliyefanya kazi naye kiwandani, halafu anajiuliza wakiulizana habari atasema nini, maana hakuna jipya. Prine alipokuwa mtoto aliwahi kusaidia kupeleka magazeti katika makao ya wazee, na baadhi ya wazee wale walijifanya mbele ya wenzao kwamba yeye ni mjukuu aliyekuja kuwatembelea. Kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu aliyeweza kulibeba jambo hilo kifuani hadi likawa wimbo alikuwa na sikio la aina yake. Huku kwetu tumezoea kusema kwamba wazee hawaachwi peke yao, lakini nyumba nyingi za mashambani ninazozijua sasa zina mzee mmoja, redio na simu isiyolia, na wimbo huu ungepigwa huko hakuna ambaye angehitaji kuelezwa.

Roger Ebert, ambaye baadaye alikuja kuwa mhakiki wa filamu mashuhuri kuliko wote Marekani, ndiye aliyeandika uhakiki wa kwanza juu yake katika gazeti la Chicago Sun-Times mwezi Oktoba 1970. Alitoka katikati ya filamu kwa sababu bisi zilikuwa na chumvi kupita kiasi, akaingia Fifth Peg kutafuta bia, akamkuta mpeleka barua anaimba. Filamu hiyo haikupata nafasi gazetini. Mpeleka barua aliipata.

Mwaka uliofuata mambo yakaharakishwa na watu wengine. Rafiki yake mkubwa, Steve Goodman, mtunzi wa "City of New Orleans", alikuwa akiimba kwenye maonyesho ya mwimbaji mashuhuri Kris Kristofferson mjini Chicago. Kristofferson alipomsifu, Goodman badala ya kujipigia debe akasisitiza kwamba yuko rafiki yake mmoja ambaye lazima asikilizwe, akampeleka Kristofferson pamoja na mwimbaji mwenzake Paul Anka hadi klabu iliyoitwa Earl of Old Town, usiku wa manane, viti vikiwa vimekwisha pinduliwa juu ya meza. Prine aliwaimbia nyimbo zake, na Kristofferson akamwomba aziimbe zote tena pamoja na nyingine zozote alizokuwa nazo. Muda si mrefu marafiki hao wawili wakawa New York, Kristofferson akampandisha Prine jukwaani katika klabu ya Bitter End, na kesho yake Jerry Wexler wa Atlantic Records akampa mkataba.

Albamu iliyoitwa kwa jina lake tu, *John Prine*, ilitoka mwaka 1971, nyingi ya nyimbo zake zikiwa zimerekodiwa Memphis chini ya produsa Arif Mardin. Kwenye jalada ameketishwa juu ya marobota ya nyasi kavu, ilhali alikuwa mtoto wa mjini ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuketi juu ya kitu kama hicho maishani. Kampuni ilitaka aonekane mtu wa shamba. Ndani ya jalada hilo, hata hivyo, kulikuwa na "Angel from Montgomery", ambamo kijana wa kiume anaimba kama mama aliyechoka na ndoa yake, na katika mstari wa kwanza kabisa anajitambulisha kuwa mwanamke mzee bila kuomba radhi wala kueleza. Bonnie Raitt aliurekodi mwaka 1974, na wengi hadi leo wanadhani ni wake.

Albamu zilizofuata katika muongo huo nitazipita upesi. *Sweet Revenge* ya 1973 ni nzuri, na *Bruised Orange* ya 1978, iliyosimamiwa na Goodman, ni nzuri zaidi. Nyingine zina nyimbo mbili tatu za kudumu na nyingine za kujaza upande wa santuri. Waandishi walimbandika jina la Bob Dylan mpya, kama walivyombandika kila kijana mwenye gitaa kavu na maneno mengi, na Dylan mwenyewe alipanda siku moja kwenye jukwaa la Bitter End kumpigia harmonika. Mauzo hayakuwa makubwa. Alihama Atlantic akaenda kampuni nyingine ya rekodi, Asylum, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 alikuwa amechoka kuwaeleza wakubwa wa kampuni kwa nini wimbo wake uko jinsi ulivyo.

Katika kipindi hicho kuna jambo dogo linaloonyesha tabia yake. Yeye na Goodman walikuwa wametunga pamoja wimbo wa kuifanyia kantri mzaha, "You Never Even Called Me by My Name", na Prine akakataa jina lake lisiandikwe kwa sababu aliuona wa kipuuzi na alihofu kuwaudhi watu wa Nashville. Mwaka 1975 David Allan Coe akauimba, ukawa maarufu sana, na mirabaha yote ikaenda kwa Goodman. Goodman, kwa kujua haki ya mwenzake, akamnunulia mashine ya muziki ya sarafu kama zile za baa. Sijui mtunzi mwingine aliyepoteza pesa kwa njia hiyo akaendelea kuisimulia kwa kicheko maisha yake yote.

Uamuzi mkubwa kuliko yote aliufanya baada ya kuachana na Asylum. Pamoja na meneja wake, Al Bunetta, na Dan Einstein, alianzisha lebo yake mwenyewe, Oh Boy Records, ambayo toleo lake la kwanza mwaka 1981 lilikuwa santuri ndogo nyekundu ya nyimbo za Krismasi. Wakati huo msanii wa kiwango chake aliyejitoa kwenye kampuni kubwa alionekana amejizika. Wapenzi wake walitangulia kutuma hundi kabla albamu haijarekodiwa, na fedha hizo ndizo zilizosaidia kuitengeneza *Aimless Love*, iliyotoka mwaka 1984. Hesabu zake zilikuwa rahisi kueleweka: santuri chache zinazouzwa moja kwa moja kwa mnunuzi, kwa njia ya posta, huku mapato yakibaki kwa mwenye kazi, zinaweza kumlisha mtunzi vizuri kuliko santuri nyingi ambazo kampuni inajikata gharama zake kwanza. Wasanii wetu wanaolalamika leo kwamba nyimbo zao zinaingiza pesa kwenye simu za watu na wao hawazioni watakuwa wanaijua hesabu hiyo kwa uchungu. Yeye aliipiga kabla intaneti haijafika majumbani. Mwaka huohuo wa 1984 Goodman alifariki kwa saratani ya damu aliyokuwa ameishi nayo tangu ujana.

Halafu ikaja *The Missing Years* mwaka 1991, chini ya produsa Howie Epstein, mpiga besi wa kundi la Tom Petty. Bruce Springsteen, Petty na Bonnie Raitt waliimba ndani yake, na ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya folk ya kisasa. Lebo ya watu wachache huko Nashville ilikuwa imeshinda bila kuuza nafsi yake, na Prine akapata wasikilizaji wapya waliokuwa bado hawajazaliwa alipokuwa akigawa barua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 aligunduliwa na saratani shingoni. Alitibiwa Houston, akakatwa sehemu ya nyama upande mmoja wa shingo, kisha akachomwa kwa mionzi. Alisimulia baadaye kwamba daktari alipoeleza namna ya kuzikinga nyuzi za sauti yake, alimuuliza kama amewahi kumsikia akiimba. Ilichukua muda mrefu kabla ya kupanda jukwaani tena, na alipopanda shingo ilikuwa imepinda na sauti imeshuka, yenye mikwaruzo, ya mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake. Hakuificha. Alishusha ufunguo wa nyimbo zake za zamani, akasema kwamba kwa kufanya hivyo zilimjia kama mpya. Mwaka 1999 alitoa albamu ya kuimba na wanawake, *In Spite of Ourselves*, ambamo anapokezana na Iris DeMent mzaha wa mume na mke wanaojuana mno. Mwaka uliofuata alirekodi upya nyimbo zake za miaka ya 1970 kwa sauti hiyo mpya na kuzitoa kupitia Oh Boy, ili awe na rekodi zake mwenyewe za nyimbo ambazo rekodi zake za kwanza zilibaki kwa kampuni.

Mwaka 2005 alialikwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani na Ted Kooser, aliyekuwa mshairi wa taifa, na mwaka huohuo akatoa *Fair & Square*, iliyompa Grammy nyingine. Mwaka 2013 saratani ilirudi, safari hii kwenye pafu la kushoto, akafanyiwa upasuaji na sehemu ya pafu hilo ikaondolewa. Mtaalamu wa mazoezi alimtaka apande na kushuka ngazi za nyumbani, kisha akiwa bado anahema achukue gitaa aimbe nyimbo mbili. Baada ya miezi sita alikuwa jukwaani. Bunetta alipofariki mwaka 2015, mke wake Fiona, Mwairishi aliyekutana naye Dublin, na mtoto wao Jody waliichukua shughuli ya lebo. Hao ndio waliompangia chumba cha hoteli mjini Nashville, wakamweka humo na gitaa na maboksi ya maneno ambayo hayajakamilika, wakamwambia amalize. Ilitoka *The Tree of Forgiveness*, Aprili 2018, albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya za kutunga mwenyewe katika miaka kumi na mitatu, na ikafika nafasi ya tano katika chati kuu ya albamu Marekani. Hakuwahi kufika juu hivyo tangu aanze kuimba, naye alikuwa na umri wa miaka 71.

Alifariki tarehe 7 Aprili 2020 mjini Nashville kwa UVIKO-19, akiwa na miaka 73. Wimbo wa mwisho aliorekodi, "I Remember Everything", aliotunga na Pat McLaughlin, ulitolewa miezi miwili baadaye na kupata tuzo mbili za Grammy mwaka 2021.

Anayetaka kumfahamu aanze na "Hello in There", lakini asikilize matoleo mawili kwa kufuatana, la 1971 na lile alilolirekodi upya mwaka 2000. Katika la kwanza ni kijana anayemwigiza mzee, na anaigiza vizuri sana. Katika la pili haigizi tena.